Poni wa Wales: Jina Moja, Wanyama Wanne

Kwetu Lamu mtoto wa miaka saba ajua ya kuwa punda si punda tu. Yuko punda wa Maskati, mrefu, mweupe, mwenye telki laini, ambaye zamani hapa kwetu na kule Unguja alikuwa kipando cha waungwana. Na yuko punda wa kawaida, mfupi, wa rangi ya majivu, mwenye mstari mweusi mgongoni na mwingine uliomkata mabegani, ambaye kazi yake ni kubeba mchanga, mawe na mifuko ya saruji. Mtu akija kumwuza huyu kwa jina la yule atachekwa hata na watoto wa chuoni. Lakini mtu huyohuyo wa Pwani, hodari wa kuchagua punda, mpeleke akaone farasi, utamsikia akisema: "Farasi huyo." Basi, hana la kuongeza.

Wala si ajabu. Farasi hakupata kuzoea mwambao wetu. Mbung'o wa misituni humwua, na lipo adui jingine kubwa zaidi, nalo ni tauni ya farasi, maradhi yanayoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kumbukumbu ya kwanza inayodhaniwa kuwa ya maradhi hayo yatoka Yemen, mwaka 1327. Kule Afrika Kusini mwaka 1854 na 1855 yaliua farasi karibu 70,000. Farasi 10 wasiochanjwa wakishikwa nayo, yamkini 7 hata 9 watakufa. Nyumbu hufa kama nusu yao, punda hufa wachache sana, na punda milia huwa na vijidudu vyenyewe mwilini asiumwe hata kichwa. Ndiyo maana wazee wetu walibaki na punda, wakamsoma mpaka wakamjua, na farasi wakamwachia anayetaka kupoteza mali.

Nayaandika haya kwa ajili ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye kwa miaka mingi amekaa Thika, upande wa Majengo. Alipostaafu kazi ya kiwandani alipewa kiinua mgongo chake, si kikubwa, naye akapata wazo lisilo baya: anunue farasi mdogo, awe akiwapandisha watoto na kuwazungusha uwanjani siku za Idi na mwisho wa juma, Thika na huko Ruiru ambako nyumba mpya zachipuka kila kukicha na wazazi hawajui wawapeleke wapi watoto wao Jumapili. Kwa kuwa nilifanya kazi miaka kadhaa katika mazizi ya farasi Nairobi, akanipigia simu asubuhi moja akihema.

"Shemeji, nimepata Welsh! Yuko Ruiru. Mwenyewe ataka arubuni leo hii, asema wapo wengine wanamtaka."

Nikamwuliza, "Welsh yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

"Wanne, shemeji. Usitume hata senti mpaka nije."

Kwanza nieleze kipimo, maana bila kipimo hapana fungu. Waingereza hupima farasi kwa "mikono", nami nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilistaajabu, kwa sababu mkono wetu, yaani dhiraa, ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole, inchi 18. Farasi wa mikono 12 kwa hesabu ya mafundi wetu wa nguo angekuwa futi 18, twiga mzima! Mkono wao wao ni upana wa kiganja tu, inchi 4. Hupimwa toka ardhini hadi kilele cha mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, kichwa hakihesabiwi. Na wakiandika 13.2, hiyo si desimali. Maana yake ni mikono 13 na inchi 2. Farasi asiyezidi kimo cha mikono 14 na kitu hivi ndiye wanayemwita poni.

Wales ni nchi ya milima, magharibi ya Uingereza, yenye mvua, upepo na majani haba. Mfalme Henry wa Nane, miaka ya 1535 na 1540, alitoa sheria za kuwaondoa farasi wafupi ili wazaliwe wakubwa tu wa kubeba askari wenye mavazi ya chuma. Kule milimani amri hiyo ilifika kwa shida, na wafupi wakasalia, wakila miiba na kulala barafuni. Baadaye wengine wao waliteremshwa katika machimbo ya makaa ya mawe kuvuta magari ya reli gizani. Mwaka 1901 wenye farasi hao waliunda chama chao, na mwaka 1902 wakatoa daftari la kwanza la nasaba. Daftari hilo leo lina mafungu manne, A, B, C na D, na ndani ya mafungu hayo ndimo mlimo siri yote ya mnunuzi.

Fungu A ni poni wa mlimani mwenyewe, asiyezidi mikono 12, yaani sentimita 122 hivi. Ana kichwa kidogo, macho makubwa, na uso uliobonyea kidogo katikati mithili ya farasi wa Kiarabu. Wengi wao ni wa kijivu kinachogeuka kuwa cheupe kadiri wanavyozeeka, na sehemu kubwa ya sura hiyo wameirithi kwa dume mmoja aliyeitwa Dyoll Starlight, aliyezaliwa mwaka 1894. Ni poni wa watoto. Lakini msomaji usidhani kwamba udogo ni upole. Huyu ni mnyama mwenye akili nyingi, na mwenye akili nyingi hujua upesi kwamba aliye mgongoni ni mtoto asiyemweza.

Fungu B ni poni wa kupanda, mwisho wake mikono 13.2, kama sentimita 137. Miguu mirefu zaidi, hatua ndefu, umbo jepesi. Hapa ndipo Mwislamu wa Pwani anapopata jamaa yake, kwa sababu katika mababu wa fungu hili yumo Tan-y-Bwlch Berwyn, aliyezaliwa mwaka 1924, na baba yake alikuwa farasi wa Kibarbari wa Maghribi, aliyeitwa Sahara, aliyenunuliwa Gibraltar, yaani Jabal Tariq. Damu ya Waarabu na Waberberi imo ndani ya poni wa Mwingereza, ingawa wengi wanaompanda hawana habari nayo. Ni mnyama mzuri kwa kijana anayejifunza kuruka viunzi. Kwa kuzunguka uwanjani kutwa nzima na watoto wanaopiga kelele, mimi nisingemchagua kwanza.

Fungu C hana kimo zaidi ya B, lakini ukiwaweka pamoja utadhani ni wa nchi mbili. Ni mnene, kifua kipana, mfupa mzito, na nywele za hariri nyuma ya kwato. Alivuta mikokoteni ya shamba na ya machimbo ya mawe ya kuezekea, na hata mtu mzima mwepesi humbeba. Ni huyu, kwa maoni yangu, ambaye shemeji angemtafuta kama angekuwapo wa kununuliwa.

Fungu D ndiye mkubwa wao: huanzia pale 13.2 inapoishia, na juu hana mpaka. Sifa yake ni matiti, ule mwendo wa kudunda usio shoti wala telki, ambao aliweza kuuendeleza maili baada ya maili. Kabla ya gari la moto na motokaa, mkulima, daktari na mwuza maziwa wa Wales walimtegemea huyo, na jeshi pia lilimnunua.

Mafungu yote huruhusiwa rangi yoyote isipokuwa mabaka makubwa ya rangi mbili. Kisha lipo daftari la machotara, ambalo humtaka mnyama awe na angalau asilimia 12.5 ya damu ya Wales, yaani babu mmoja mkuu kati ya wanane. Basi kusema "Welsh" tu ni kama kumwambia nahodha "chombo". Mtumbwi ni chombo, mashua ni chombo, na jahazi ni chombo. Lakini hupakii mizigo ya jahazi ndani ya mtumbwi.

Tulikwenda Ruiru Jumamosi. Mahali penyewe palikuwa shamba la kahawa, lakini sasa pamezungukwa na nyumba za ghorofa pande tatu, na mibuni iliyobaki ni safu chache. Kwa bahati nzuri watu wa Ruiru hawahitaji kufundishwa habari za mbegu na nasaba, maana kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapohapo, na mwaka 1985 ndicho kilichotoa ule mbuni uitwao Ruiru 11, uliochanganywa damu ili ustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima wa kahawa hanunui mche kwa jina tu. Huuliza umetoka kitalu gani. Nikamwambia shemeji njiani, nasi tukaulize vivyo hivyo.

Mwenye shamba, mzee mstaarabu, alitukaribisha kwa chai. "Nyinyi watu wa Mombasa," alituita, ingawa mimi ni wa Lamu na shemeji ni wa Thika. Tukanyamaza, si neno. Akamtoa farasi. Na kusema kweli alikuwa mzuri! Mweupe, shingo imepinda kama upinde, singa zimechanwa. Shemeji alinishika mkono kwa nguvu.

"Welsh," mzee akasema. "Fungu A. Miaka minane."

Nilikuwa na fito niliyoitia alama nyumbani. Kilele cha mabega kilisimama kwenye inchi 57, yaani mikono 14 na inchi 1, sentimita 145 hivi. Fungu A mwisho wake mikono 12. B na C mwisho wao 13.2. Kwa kimo hicho lililobaki ni D tu, na D ni pande la mnyama, lakini huyu miguu yake ilikuwa myembamba kama ya paa. Pengine alikuwa chotara. Nikauliza karatasi za nasaba. Zilipotea, tukaambiwa, wakati wa kuhama.

Kisha meno. Farasi hubadilisha meno ya mbele kwa zamu, jozi ya kwanza akiwa na miaka miwili na nusu, na akitimiza mitano kinywa kimejaa. Baada ya hapo yataka jicho. Kwenye jino la pembeni la juu hutokea mfereji mdogo wa rangi ya kahawia karibu na ufizi, mnyama afikapo miaka 10. Ufikapo katikati ya jino ana 15 hivi. Ukimaliza jino lote ana 20. Kipimo hiki si saa ya ukutani, chaweza kupotea mwaka mmoja au miwili. Lakini mfereji wa farasi yule ulikuwa umefika katikati, na kutoka 15 hadi 8 ni mbali.

La tatu ndilo lililonitia hofu zaidi, nalo ni kwato. Kwato za mbele zilikuwa na pete pete, zikibanana mbele na kutanuka kuelekea kisigino. Hiyo ni alama ya maradhi ya kwato, ambayo nyama ya ndani inayoshika kwato huvimba na kulegea. Mwenye maradhi hayo yakimzidi husimama akiegemea nyuma, amenyoosha miguu ya mbele, kana kwamba akanyaga makaa. Na poni, hasa wenye asili ya milima yenye njaa kama ya Wales, ndio wanaoshikwa nayo upesi, kwa sababu miili yao iliumbwa kuishi kwa majani haba. Ukimleta Thika au Ruiru, penye mvua mbili kwa mwaka, ukamwacha ashibe majani mabichi na kumwongezea machicha na mahindi, utamnenepesha mpaka umlemaze.

Tena majani yenyewe ya huko, yale yatambaayo yanayojulikana ulimwenguni kote kwa jina la Kikuyu, yana asidi inayofunga chokaa ndani ya tumbo la farasi. Ng'ombe huyala asidhurike. Farasi asiyepewa chakula kingine wala chokaa huanza kunyonya ile ya mifupa yake mwenyewe, na mwishowe uso wake huvimba. Kwa hiyo mnunuzi amwulize mwuzaji si nasaba tu, bali mnyama hula nini.

Nikaomba tumwone akienda matiti penye ardhi ngumu, kwa sababu mguu mbovu hujificha kwenye majani na hujitoa barabarani. Farasi anayechechemea mguu wa mbele huinua kichwa kila mguu ule mgonjwa unapokanyaga. Mzee akasema barabarani mna magari. Nikasema tutangoja yapite. Akasema jua kali.

Shemeji hakufurahi. Alinivuta pembeni chini ya mparachichi. "Shemeji, wewe waangalia kwato, watoto wataangalia rangi. Watampenda huyu mweupe." Nami nilimwelewa. Ilikuwa fedha yake, ya miaka yake 30 kiwandani, na farasi mweupe ni farasi mweupe. Nikamwuliza jambo moja tu: "Akiangukia mtoto wa watu uwanjani, utamwambia mzazi wake rangi?" Akanyamaza.

Tukarudi kwenye biashara, na hapa dini yetu ilitufaa. Mzee alitaka arubuni, na mnunuzi akirudi nyuma imepotea. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kama kwa Hanafi na Maliki, mauzo ya namna hiyo hayasihi, Hanbali wameyaruhusu. Lakini sharia hiyohiyo imempa mnunuzi mlango mwingine, nao ni hiari ya sharti: mnaafikiana kwamba mauzo yana muda wa kujaribu, na kwa Shafi muda huo hauzidi siku tatu. Siku tatu vilevile ndizo zilizotajwa katika hadithi ya mnyama aliyefungwa chuchu asikamuliwe ili mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Akigundua, humrudisha pamoja na pishi ya tende. Siku hizi hawafungi chuchu. Wapo wafanyabiashara, nchi nyingi tu, wanaompa farasi dawa ya kutuliza ili aonekane mpole, au ya maumivu ili asichecheme. Dawa hizo nyingi siku ya tatu zimekwisha.

Basi shemeji akasema, "Mzee, nikuwekee fedha yote kwa mtu tunayemwamini sote, nimchukue siku tatu Thika. Nikiridhika, ni yako. Nisiporidhika, narudisha farasi."

Mzee akafikiri kitambo. Kwa yule mweupe akakataa, bila kutoa sababu.

Palikuwa na wa pili. Sisi hatukuonyeshwa, alikuwa amefungwa nyuma ya zizi, wa hudhurungi, maksai, manyoya ya shingo yamesimama kama brashi. Mikono 12 na inchi 2. Mfereji wa jino haujaanza, kwa hiyo hajafika miaka 10. Kwato safi. Hana nasaba, hana jina la nchi yoyote; mzee alisema mama yake aliletwa na Wasomali toka kaskazini, na habari hiyo mimi niliiamini upesi kuliko ile ya Wales. Maana ndiyo njia ya zamani. Elspeth Huxley, aliyefika Thika akiwa mtoto mwaka 1913 na kuandika kitabu cha The Flame Trees of Thika mwaka 1959, alikuwa na poni aliyeitwa Moyale, jina la mji wa mpakani na Ethiopia. Hata watoto wa walowezi walianza kwa farasi wa Kihabeshi na wa Kisomali, wadogo wa umbo na wagumu wa roho, na katika siku zile kabla ya chanjo, farasi aliyeugua tauni akapona aliuzwa kwa bei ya juu kuliko wenziwe.

Tulipokuwa tukimpima, mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka mitano hivi, alimfukuza kuku akapita chini ya tumbo la farasi yule. Farasi akainua mguu mmoja, akamngoja apite, akaushusha. Shemeji akanitazama. Kwa huyo mzee alikubali siku tatu palepale, na akaleta cheti cha daktari wa mifugo chenye tarehe za chanjo.

Siku ya kwanza Thika aligoma kupita karibu na jenereta. Siku ya pili akapita. Siku ya tatu, Jumatatu, shemeji alilipa, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya mweupe. Sasa huingizwa bandani kabla ya magharibi, mlango na madirisha vina wavu wa visubi, na huchanjwa kila mwaka. Hula majani makavu zaidi kuliko mabichi, na hupewa chokaa. Jina ndilo limeleta ubishi: dada yangu alitaka aitwe Moyale, lakini watoto wa Majengo walikwisha kumwita Maskati, na kwa jina hilo huitika.

Farasi habebi salama zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwamo, na huyu ana kilo 250 hivi. Kwa hiyo shemeji ameweka mizani ya dukani pale anapopandishia, na mtoto wa zaidi ya kilo 40 hapandi. Idi iliyopita baba mmoja kutoka Ruiru alilipa ya watoto wake wawili, kisha akalipa na yake, apande apigwe picha. Alirudishiwa fedha yake.